Uchunguzi wa Vifo vya Kujiua na Hatima ya Wafiwa: Cibitoke ya Bujumbura katika Mizani ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna vifo vinavyodhaniwa kuwa vya kujiua vinavyochunguzwa Afrika Mashariki na athari za uchunguzi huo kwa familia zilizobaki. Hoja kuu ni kwamba kufuta kosa la kujaribu kujiua ni hatua ya lazima lakini haitoshi, maadamu uchunguzi humhoji mfiwa bila kumrudishia jibu.

1.0 Utangulizi

Cibitoke ni mtaa wenye watu wengi kaskazini mwa Bujumbura, katika eneo la Ntahangwa. Katika mtaa wa namna hiyo, habari za kifo cha ghafla huweza kumfikia kiongozi wa nyumba kumi kabla ya polisi. Kwa desturi ya Warundi, kilio kina hatua zake: kwanza matanga huondolewa (gukura ikiriyo), kisha baada ya muda mrefu hufanyika kuganduka, ndipo maombolezo hukoma rasmi. Kifo kinachodhaniwa kuwa cha kujiua huingiza hatua nyingine kabla ya hizo zote: mwili wa marehemu huwa ushahidi kwanza, na wanaomlilia huwa mashahidi.

2.0 Mapokeo mawili ya sheria

Burundi, iliyotawaliwa na Ubelgiji hadi 1962, ilirithi mapokeo ya sheria yaliyotokana na Ufaransa, ambako kujiua kuliachwa nje ya orodha ya makosa katika kanuni ya adhabu ya 1791. Katika mapokeo hayo, kifo chenye utata huchunguzwa na polisi wa upelelezi chini ya mwendesha mashtaka, na daktari huitwa kuukagua mwili. Swali lao ni moja: je, kuna mkono wa mtu mwingine? Jibu likiwa hapana, jalada hufungwa.

Mapokeo ya Kiingereza yalifuata njia nyingine. Uingereza yenyewe ililifuta kosa hilo mwaka 1961, lakini makoloni yake ya zamani yalibaki nalo. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilidumu hadi tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba, kwa kugusa usawa, utu na haki ya afya. Tanzania Bara, kifungu cha 217 kimelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa.

Hukumu ya Nairobi, hata hivyo, ilihusu aliyenusurika. Haikugusa utaratibu wa kumchunguza aliyekufa. Kifungu cha 386 cha sheria ya Kenya ya mwenendo wa jinai humtaka mkuu wa kituo cha polisi kumjulisha hakimu, kufika penye mwili na kuandika taarifa ya sababu inayoonekana ya kifo. Hapa mapokeo mawili yanakutana: serikali inauliza nani ana hatia, ilhali familia inauliza kwa nini.

3.0 Matokeo kwa wafiwa

Athari ya kwanza ni ya mahojiano. Aliyeukuta mwili, mara nyingi mwenzi au mtoto, ndiye hutakiwa kuandikisha maelezo kwanza, angali katika mshtuko. Nchini Burundi maelezo yaliyotolewa kwa Kirundi au Kiswahili kwa kawaida huingia jaladani kwa Kifaransa. Mjane huweza kutia saini maneno asiyoyasoma. Barua au simu ya marehemu huchukuliwa kama kielelezo, nayo huenda ndiyo neno lake la mwisho kwa watoto wake.

Ya pili ni ya hati. Mirathi, pensheni na bima husubiri cheti cha kifo, na mikataba mingi ya bima ya maisha huzuia malipo ikiwa mtu amejiua katika kipindi cha mwanzo cha mkataba.

Ya tatu ni ya ibada. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 iliwanyima mazishi ya kanisa waliojiua kwa makusudi. Ile ya 1983 haikuwataja tena. Hata hivyo, hofu ya katazo la kale huweza kuishi kuliko katazo lenyewe.

Kwa hiyo familia ina kila sababu ya kusema “aliugua ghafla”. Kimya hicho kinaharibu takwimu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 727,000 vya kujiua duniani mwaka 2021, lakini makadirio hutegemea usajili. Katika uainishaji wake wa kumi wa magonjwa, vifo vya kujiua huandikwa X60 hadi X84, na visivyobainika kusudi Y10 hadi Y34. Kila jibu linalofichwa huhamisha kifo kutoka fungu la kwanza, na mshauri wa sera hupanga huduma kwa hesabu pungufu.

4.0 Kuelekea uchunguzi unaomjali mfiwa

Mfano mbadala upo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Los Angeles, Edwin Shneidman na wenzake walianza kuwahoji ndugu wa marehemu ili kuelewa hali yake ya nafsi, wakagundua kwamba mahojiano yenye staha huweza pia kumsaidia anayehojiwa. Tunapendekeza mambo manne: maelezo yaandikwe kwa lugha ya mfiwa na asomewe kabla ya kutia saini, afisa mmoja awajibike kuijulisha familia matokeo, mali ya marehemu irudishwe jalada linapofungwa, na kila familia ielekezwe kwenye huduma ya afya ya akili.

5.0 Hitimisho

Uchunguzi hauepukiki, kwa kuwa mauaji huweza kufichwa kwa jina la kujiua. Lakini uchunguzi unaoishia kwenye jalada humwacha mfiwa wa Cibitoke, sawa na wa Nairobi, akiwa na kilio kisichofungwa. Jibu analodaiwa ni sehemu ya haki yenyewe.