Uzito wa Mahindi ya Nazi Unatoka Wapi?

Mahindi ya nazi ni chakula cha Pwani ambacho hakihitaji maelezo marefu: mahindi mabichi, tui, kitunguu, bizari kidogo, pilipili mbichi na chumvi. Huliwa pembeni ya samaki wa kukaanga, au peke yake kwenye bakuli mchana wa mvua. Bado sufuria mbili zenye vitu hivyohivyo zinaweza kutoka jikoni zikiwa hazifanani hata kidogo. Moja ina mchuzi mzito, laini, unaoshika punje. Nyingine ina punje zinazoelea kwenye maji meupe, na juu yake mafuta yametanda.

Ni rahisi kudhani kwamba tofauti iko kwenye nazi. Mpishi aliyepata mchuzi mwepesi hukimbilia kukuna nazi ya pili, au kufungua kopo jingine la tui. Lakini tui likichemshwa peke yake kwa muda mrefu halishiki. Maji hupungua, mafuta hujitenga, basi. Kinachoshika mchuzi ni hindi lenyewe, na ufunguo uko katika umri wa hindi hilo, aina ya mbegu yake, na namna kisu kinavyopita kwenye gunzi.

Punje ya hindi ni ghala la wanga. Wiki tatu hivi baada ya ndevu kuchomoza, punje huwa katika hatua ya maziwa: karibu asilimia 80 ya uzito wake ni maji, na ndani ya maji hayo zimo chembe ndogo za wanga pamoja na sukari ambayo bado haijageuzwa. Ukiitoboa kwa ukucha, hutoka maji meupe. Yakitoka maji maangavu, hindi bado changa mno na wanga wake haujatosha. Kisipotoka kitu ila uji mgumu, limeshakomaa, na hilo linafaa zaidi kuchomwa, au kuachwa likauke kwa ajili ya pure na makande.

Chembe hizo za wanga zikiwa kwenye maji baridi hazifanyi lolote; hutua chini tu. Joto likifika kati ya nyuzi 62 na 72 za Selsiasi, hunyonya maji, huvimba na kuanza kupasuka. Sehemu ya wanga iitwayo amilosi, ambayo katika mahindi ya kawaida ni kama robo ya wanga wote, huvuja na kusambaa kwenye mchuzi. Maji yaliyokuwa huru sasa yamezuiwa. Kila anayesonga ugali ameona jambo hili likitokea mbele ya macho yake kwa dakika chache.

Ila katika mahindi ya nazi wanga uko ndani ya punje, na punje ina ganda. Ganda hilo limejengwa kwa nyuzinyuzi zilizofungamanishwa na asidi ya feruliki, na haliyeyuki kwa kuchemshwa. Punje nzima inaweza kuiva, ikawa laini, na bado ikabaki na karibu wanga wake wote. Ndiyo maana jinsi ya kukata ina uzito mkubwa kuliko ule ambao wapishi wengi huipa. Kisu kikipita katikati ya punje badala ya kuzing'oa mpaka kwenye gunzi, nusu ya juu huanguka na nusu ya chini hubaki wazi. Kisha gunzi husimamishwa juu ya bakuli na kukwanguliwa kwa mgongo wa kisu. Uji mweupe unaodondoka hapo, vijiko vichache tu kwa hindi moja, ndio unaotengeneza mchuzi. Anayelitupa gunzi bila kulikwangua ametupa uzito wa chakula chake, na mara nyingi hulazimika kuurudisha kwa unga.

Wapishi wa Amerika ya Kusini wamejenga vyakula vizima juu ya jambo hili. Wabrazili hukwangua mahindi mabichi, huyachuja na kuyapika na maziwa mpaka yagande yenyewe. Chakula hicho huitwa curau. Nchini Chile, Peru na Ecuador mahindi mabichi husagwa, hufungwa kwenye maganda ya hindi na kuiva kwa mvuke, nayo ndiyo humita. Uhusiano wa nchi hizo na sufuria za Afrika Mashariki ni wa karibu kuliko unavyoonekana. Mahindi yote yalianzia Mexico, ambako wakulima walianza kuyaendeleza kutoka kwenye nyasi ya mwituni iitwayo teosinte yapata miaka 9,000 iliyopita. Na mbegu chotara H611, iliyotolewa Kitale, Kenya, mwaka 1964 na kubadili kilimo cha nyanda za juu, ina mzazi mmoja kutoka Ecuador.

Sasa wapishi wa mijini wana chaguo ambalo bibi zao hawakuwa nalo: mahindi matamu ya dukani, yenye punje za njano. Ni matamu kweli. Lakini mengi yao hutoa mchuzi mwepesi, na sababu yake iko kwenye jeni.

Mahindi matamu ya zamani yana badiliko katika jeni iitwayo su1. Badiliko hilo huvuruga kimeng'enya kinachopanga matawi ya wanga, kwa hiyo punje hujaza kitu kingine kiitwacho fitoglaikojeni, ambacho huyeyuka kwenye maji na kinaweza kufikia robo ya uzito mkavu wa punje au zaidi. Fitoglaikojeni ndiyo inayoyapa mahindi hayo ulaini wa krimu mdomoni. Marekani, ambako mahindi ya krimu ni chakula cha pembeni cha kawaida, makopo mengi ya mahindi yenye jina hilo hayana krimu wala maziwa ndani yake.

Mwaka 1953 John Laughnan, mtaalamu wa jeni wa Chuo Kikuu cha Illinois, alitangaza jambo alilolibaini katika mahindi yenye badiliko jingine, sh2. Punje zake zikikauka husinyaa vibaya, lakini zikiwa mbichi zina sukari nyingi kupita kiasi, na sukari hiyo hukaa siku nyingi bila kugeuka. Kwa mfanyabiashara anayesafirisha mahindi mbali, hilo lilikuwa jibu la shida kubwa, na leo sehemu kubwa ya mahindi matamu yanayouzwa mabichi duniani yana jeni hiyo. Gharama yake iko jikoni: sh2 huzuia wanga mapema kabisa katika safari yake, kwa hiyo punje hazina wanga mwingi wala fitoglaikojeni ya maana. Hutafunika vizuri, zinafaa kwenye kachumbari, na katika sufuria ya nazi zinabaki zikiogelea.

Hindi bichi jeupe la shambani, lile linalouzwa na maganda yake kando ya barabara, halina fitoglaikojeni nyingi, ila lina wanga wa kutosha na ladha ya hindi hasa. Kwa mahindi ya nazi, hilo ndilo bora. Mwenye kutaka utamu zaidi achanganye: mahindi matatu ya shamba, moja tamu.

Muda nao unafanya kazi yake kimyakimya. Hindi likishavunjwa shambani linaendelea kuishi, na vimeng'enya vyake vinaendelea kugeuza sukari kuwa wanga. Mahindi matamu ya su1 yakikaa kwenye joto la nyuzi 30, joto la kawaida la Mombasa au Dar es Salaam, hupoteza zaidi ya nusu ya sukari yake kwa siku moja; kwenye baridi ya nyuzi sifuri hupoteza asilimia chache tu. Kuliacha hindi na maganda yake husaidia lisinyauke, lakini hakuzuii utamu kupotea. Friji ndiyo huchelewesha upotevu huo.

Harufu pia ina mwendo wake. Sehemu kubwa ya harufu ya mahindi yaliyochemshwa ni dimethili salfaidi, kemikali inayotokea punje zikipata moto na ambayo huchemka kwenye nyuzi 37 tu, joto la mwili wa binadamu. Nyumba nzima ikinukia mahindi, maana yake harufu inatoka sufuriani. Kwa hiyo punje zisichemshwe saa nzima. Kinachoweza kuchemshwa kwa muda mrefu ni magunzi yaliyokwanguliwa: dakika 20 ndani ya tui jepesi, sufuria ikiwa imefunikwa, halafu yatolewe. Baada ya hapo ndipo kitunguu, bizari, pilipili na punje huingia kwa dakika kumi au 15, moto mdogo.

Tui zito huja mwisho. Tui ni matone ya mafuta yaliyotawanyika majini, na protini za nazi ndizo zinazoyashikilia yasiungane. Protini hizo huanza kuharibika kwenye joto la karibu nyuzi 80. Zikipoteza umbo, matone hukutana, na tui hukatika. Wapishi wa Pwani wamekuwa wakiliongoza jambo hili kwa mkono tangu zamani, wakilikoroga na kulimwagamwaga kwa upawa mpaka lichemke polepole. Wanga wa mahindi huwasaidia: mchuzi ukishakuwa mzito, matone ya mafuta hayasogei kwa urahisi. Ndiyo sababu uji uliokwanguliwa uingie kabla ya tui zito, usije baada yake. Ndimu ikamuliwe sahani ikiwa mezani, maana asidi huzigandisha protini hizo hata bila moto mkali.

Jamii za Kihindi za Afrika Mashariki hupika ndugu wa chakula hiki, makai paka, kwa vipande vya hindi vilivyokatwa pamoja na gunzi lake. Hapo punje hubaki nzima, wanga hauvuji, na ndiyo maana wengi wao hutia karanga zilizosagwa au unga wa dengu. Unga huo una kazi yake katika makai paka. Katika punje zilizokwanguliwa vizuri hauhitajiki.

Vipi magadi? Yanalainisha ganda kweli, kwa kuwa hali ya alkali huvunja vifungo vya asidi ya feruliki. Wenyeji wa Mexico na Guatemala hupika mahindi makavu kwa chokaa kwa sababu hiyo, na faida yao ni kubwa zaidi ya ulaini: chokaa huachilia niasini iliyofungwa ndani ya punje, vitamini ambayo ikikosekana huleta pelagra. Kwa mahindi makavu ya makande, magadi kidogo yanaeleweka. Kwa mahindi mabichi magadi ni hasara tupu: huharibu vitamini B1, na hugeuza rangi ya manjano kuwa nyekundu ya udongo, kwani kurkumini iliyomo kwenye bizari hubadilika rangi kwenye alkali. Sufuria ya mahindi ya nazi iliyogeuka wekundu imezidishiwa magadi.

Kuhusu lishe, mafuta ya nazi yana faida moja ya wazi hapa. Mahindi ya njano yana karotenoidi, zikiwemo lutini na zeaksanthini zinazohitajika kwenye retina ya jicho, na mwili huzipokea vizuri zaidi zikiliwa pamoja na mafuta. Mahindi meupe karibu hayana kabisa. Protini ya hindi, njano au jeupe, ina upungufu wa laisini, na kunde au samaki pembeni hulijaza pengo hilo.

Kilichobaki kipelekwe kwenye friji ndani ya saa mbili, kwa kuwa tui huchacha haraka. Kitaganda kigumu: wanga unajipanga upya, na mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Kisitupwe. Maji kidogo na moto mdogo hukirudisha.

Na kwa mwenye shamba au bustani nyuma ya nyumba: kabla ya kununua mbegu ya mahindi matamu, muulize muuzaji kama ni ya sh2 au ya su1. Kama unayataka kwa ajili ya mahindi ya nazi, chukua su1, panda safu chache kando ya mahindi yako meupe ukipishanisha muda ili yasichavushane, na uyavunje siku ileile unayopika.