Kondoa hadi Babati kwa Baiskeli: Nani Anakula Nguvu Zako?

Mtu anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza ndefu ya baiskeli huuliza kwanza habari za mizigo. Hema libaki? Sufuria iende? Maswali ya haki hayo, lakini yanamsumbua kuliko yanavyostahili. Tuchukue siku moja ya safari ya kweli, kutoka Kondoa hadi Babati, karibu kilomita 100 za lami, tuone nguvu zinaishia wapi.

Kipande hiki ni sehemu ya barabara ya Dodoma–Babati, kilomita 251, iliyozinduliwa mwaka 2018. Zamani ilikuwa njia ya vumbi katika Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Waendesha baiskeli wa msafara wa Tour d'Afrique, ulioanza mwaka 2003, wanaifahamu tangu enzi za vumbi hilo. Ukitoka Kondoa unapanda kuelekea Kolo na Bereko, kisha unateremka kwa kona kona katikati ya msitu hadi Bonga, na kutoka hapo Babati si mbali.

Sasa hesabu. Wewe, baiskeli na mizigo mna kilo 100 kwa pamoja. Kupanda mlima wa mita 300 kwa kimo kunadai kilojuli kama 294 za kazi. Misuli hugeuza takriban robo tu ya chakula kuwa kazi, na kiasi kinachobaki huondoka kama joto. Kwa hiyo mlima huo unakugharimu kilokalori zinazokaribia 300: chapati moja nzuri, iliyokaangwa kwa mafuta ya kutosha. Ukiongeza mizigo ya kilo 5, mlima uleule utakudai kilokalori 15 zaidi. Hicho ni kijiko kidogo cha sukari. Chukua sufuria yako.

Mwizi hasa ni upepo. Msukumo wa hewa huongezeka mara nne mwendo unapoongezeka mara mbili, na hewa haijali kama mwendo ni wako au wake. Ukienda kilomita 15 kwa saa huku upepo wa kilomita 15 ukikupiga usoni, msukumo wa hewa kifuani unakuwa mara nne ya ule wa siku tulivu. Ukijumlisha na msuguano wa matairi, kazi yote inazidi mara mbili. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa siku nzima. Upepo huo peke yake unaweza kuzimaliza zote.

Ndiyo maana nasema uende Babati ukitokea Dodoma, usiende kinyume chake, hasa kati ya Juni na Septemba. Miezi hiyo upepo hutoka kusini-mashariki, ule ambao watu wa pwani huuita kusi, nao unakusukuma bega la kulia kwa nyuma. Tena uondoke saa 12 asubuhi. Jua likishapasha ardhi, upepo huamka, na saa nane mchana si saa ya kuwa juu ya tandiko. Kuhusu mwendo, kilomita 15 au 16 kwa saa zinatosha. Atakayeng'ang'ania 22 asubuhi atalipa mchana, pamoja na riba.

Barabarani utawakuta wenyeji wenye baiskeli za Kichina za gia moja, nyuma wamefunga gunia la alizeti au mkaa. Mlima ukianza, wanashuka na kusukuma. Wageni wenye kofia za plastiki huwapita wakitabasamu, na hapo ndipo ujinga wao unapoonekana. Mzunguko mmoja wa pedeli kwenye baiskeli hizo husogeza gurudumu kama mita 5. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, miguu ingezunguka mara 20 tu kwa dakika, kila mzunguko ukiwa kazi ya kuvunja magoti. Kusukuma ni uamuzi wa mtu anayejua chombo chake. Baiskeli ya safari yenye gia ndogo husogea mita moja na nusu hivi kwa mzunguko, ndipo unaweza kupanda ukiwa umeketi, miguu ikizunguka 60 au 70 kwa dakika. Ukiwa na pesa za kununua kitu kimoja tu kizuri, nunua gia ndogo.

Lililobaki ni la tumbo. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hutoa takriban kilokalori 2,000, na siku hii itadai zaidi ya hizo. Akiba ikiisha, mwili haukupi notisi: unatetemeka, unakasirika bila sababu, miguu inagoma. Kwa hiyo kula kabla ya njaa, kila baada ya dakika 40 au 50: ndizi, kipande cha kiazi kitamu, andazi, kiganja cha karanga. Mwili wenyewe huweza kupokea gramu 60 hivi za wanga kwa saa, basi kujaza tumbo kwa ugali mkubwa Bereko hakufidii asubuhi ya kufunga. Maji yawe nusu lita kwa saa au zaidi, na chumvi isisahauliwe. Mchanganyiko wa nyumbani wa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi unafaa kabisa. Kunywa maji matupu kwa wingi mno hupunguza chumvi ya damu, na hilo ni hatari kuliko kiu.

Kolo ina michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2006. Iendee, lakini siku nyingine. Kufika miambani ni kwa miguu, nayo miguu yako imeajiriwa tayari.

Kwenye mteremko wa kwenda Bonga usibane breki moja kwa moja. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, ili rimu zipoe. Rimu iliyopata moto sana inaweza kupasua tyubu. Kabla ya kuanza kushuka, gusa njiti za gurudumu la nyuma moja moja, maana ndilo linalobeba mzigo. Iliyolegea ikazwe hapo hapo.

Babati ukifika, kula ndani ya saa ya kwanza, wakati misuli inapokea wanga kwa haraka kuliko baadaye: wali au ugali, mbaazi, samaki. Kisha fua kaptula usiku huohuo. Vipele vya makalio vimekatisha safari nyingi kuliko milima.