Hukumu ya Ugenini na Hila za Mdai

Juzi, hapa Tseikuru, mwanafunzi wangu aliniuliza: "Mwalimu, mtu akishinda kesi Uganda kwa hati bandia, mbuzi wa baba watapigwa mnada huku?"

Kwa mujibu wa sheria yetu ya mwaka 1984, Sura ya 43, hukumu ya Uganda, Tanzania, Uingereza na nchi nyingine chache yaweza kusajiliwa katika Mahakama Kuu, ikatekelezwa kama yetu. Lakini mdaiwa akithibitisha kuwa ilipatikana kwa ulaghai, usajili hubatilishwa.

Je, huko si kuirudia kesi? Mwaka 1882 majaji wa Uingereza waliletewa hukumu ya Tiflis, iliyoiamuru kampuni ya Oppenheimer irudishe bidhaa za Abouloff au ilipe thamani yake. Kampuni ikajitetea kwamba bidhaa hizo mdai alikuwa nazo mwenyewe, akaificha mahakama ukweli. Majaji wakaukubali utetezi huo, nami nasema walitenda haki.

Linaloniudhi ni safari. Ushahidi wa hila uko Kampala, Mahakama Kuu iko Kitui, na ilani ya usajili ina siku zake. Mzee yule atamlipa wakili kwa nini, kama si kwa mbuzi wale wale?