Hema la Desemba kwenye Miteremko ya Uluguru

Tarehe 9 Desemba ikikaribia, vikundi vya marafiki huanza kuchangishana fedha za kwenda kulala mlimani. Wazo hilo lina chimbuko lake. Usiku wa Uhuru wa mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika mwenge na bendera juu ya Kilimanjaro, na hadi leo wapo wanaoiadhimisha siku hiyo kwa kupanda mlima. Asiye na nauli wala muda wa kufika Kilimanjaro anayo milima ya Uluguru. Wengi hupiga kambi Morningside, kwenye lile jengo la enzi za Mjerumani. Wenye miguu huendelea kuelekea Bondwa, au hukata shauri kupanda Lupanga, kilele chenye mita 2,138.

Mimi ni mtu wa udongo. Kabla ya kuuliza nani amebeba sufuria na nani amebeba spika, nauliza hema litasimama wapi.

Desemba ni vuli. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki, hupanda, hupoa, kisha hunyesha. Ndiyo maana upande wa Kinole na Matombo hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, huku mji wa Morogoro, uliojificha nyuma ya mlima, ukiambulia chini ya nusu yake. Jua la mjini lisikudanganye. Hata joto hushuka kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, hivyo usiku wa Lupanga huwa na baridi ya kutosha kumtesa aliyekuja na shuka moja.

Lakini baridi huvumilika. Hatari ni mvua kubwa ya muda mfupi juu ya mteremko uliolimwa. Februari 1970, huko Mgeta, zilinyesha takriban milimita 100 katika saa zisizozidi tatu. Watafiti waliokwenda kupima walikuta maporomoko ya udongo zaidi ya 1,000, karibu yote kwenye mashamba na nyasi. Yaliyoanzia msituni hayakufika hata moja katika kila mia. Mizizi ya miti huushona udongo na mwamba ulio chini yake. Ukiiondoa, tabaka la juu hukaa tu juu ya tabaka gumu, likingoja maji yapite katikati.

Waluguru walilijua hilo mapema. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta mapana kwenye mashamba yao. Kazi ilikuwa ngumu, na mazao yalidhoofika, kwa kuwa udongo mweusi wenye rutuba ulifukiwa, na ule mwekundu usiozaa ukaibuliwa juu. Tena matuta yaliyazuia maji palepale yalipotakiwa kutiririka. Mwaka 1955, chama cha TANU kikiwa bado kichanga, wakulima wa Matombo walikataa waziwazi. Polisi waliingia, damu ikamwagika, na hatimaye mpango ukaachwa. Ndiyo maana naiheshimu sana kambi ya Uhuru inayopigwa hapa: wakulima hawa walidai haki ya kuamua juu ya ardhi yao miaka sita kabla bendera haijapandishwa.

Kosa lile la matuta ndilo wanalolirudia wapiga kambi wengi wanapochimba mfereji kuzunguka hema. Mfereji hukusanya maji na kuyazamisha kwenye mteremko, chini ya watu waliolala. Usichimbe. Tafuta mgongo mdogo wa ardhi ulio juu kidogo ya pande zake, mbali na mdomo wa korongo, wala usipande hadi kileleni, kwa sababu ya radi. Miti iliyopinda sehemu ya chini ya shina, nyufa za upinde ardhini, au chemchemi mahali palipokuwa pakavu ni dalili kwamba udongo unatembea. Hapo usipige kambi.

Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, kibali hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, na huko hakuna kufyeka ili kupata uwanja. Choo kiwe angalau hatua 80 kutoka kwenye kijito. Vijito vya huku vinaulisha mto Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayojaza ndoo za Dar es Salaam.

Usiku mvua ikishika, awepo mtu mmoja wa zamu asiyelala. Kijito kikichafuka ghafla kwa tope, au maji yakipungua huku mvua inaendelea, kuna udongo uliokwisha kuanguka huko juu na kuyaziba. Amsheni wote, wala msishuke na korongo. Kateni mteremko kwa upande hadi kwenye mgongo wa karibu, mhesabiane, mkae hapo mpaka kupambazuke. Mahema mtayarudia asubuhi.