Wati 75 za kompyuta ya gemu

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kwa kijana mwenye hamu ya gemu na mfuko mwepesi siku ile ilikuwa na neema yake. Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mashine nyingi za ofisi za kizazi cha nne hadi cha saba zimeshindwa mtihani huo zikiwa bado nzima, na wenyewe huko Ulaya na Marekani wanaziondoa kwa mafungu. Baadhi hupitia Dubai, kwenye maduka ya kompyuta ya barabara ya Khalid Bin Al Waleed, kabla ya kushushwa kwenye bandari zetu. Ukipita Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utazikuta zimepangwa ukutani, Dell kwa HP, stika za namba za ofisi zilikotoka zikiwa bado ubavuni.

Kwa mwenye bajeti finyu, kompyuta ya gemu inaanzia hapo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu pesa nyingi za vijana zinapotelea kwenye vinavyong'aa: kasha lenye kioo, feni za taa za rangi, kibodi inayowaka usiku kucha. Shilingi iliyokwenda kwenye taa imetoka kwenye kadi ya grafiki, na kadi ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye gemu. Wapo wenye kasha la kuvutia ambao gemu zao zinastaki kila mpira unapokaribia goli.

Swali la kwanza la kujiuliza ni utacheza nini. Mtu wa GTA V, eFootball na gemu za miaka ya 2010 anatoshwa na Dell OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1, zote za mwaka 2013, zenye Core i5 ya kizazi cha nne na kore nne. Kasha, madabodi, prosesa, RAM, diski na pawa saplai vimekuja pamoja, vimeshafungwa na vimeshajaribiwa kwa miaka. Anayetaka Valorant asichukue hizo. Gemu hiyo ikikuta Windows 11 inadai TPM 2.0 na kinga ya kuwasha mashine iitwayo Secure Boot, na ukiipenyeza Windows 11 kwa ujanja kwenye mashine ya zamani, Valorant itakugomea. Huyo atafute ya kizazi cha nane, mfano OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4 yenye Core i5-8500 ya mwaka 2018. Ina kore sita na inaipokea Windows 11 bila ujanja wowote. Ukiweza kujibana ufike kwenye kizazi hicho, jibane. Mashine iliyobaki na Windows 10 isiyopata tena masasisho ya usalama si ya kuingilia akaunti ya benki, na anayebaki nayo afikirie kuweka Linux, kwa kuwa tangu 2018 Steam ina programu iitwayo Proton inayoendesha gemu nyingi za Windows humo.

Kabla ya kulipa, angalia umbo. Mashine hizi huja kwa kasha kubwa la kusimama au kwa kasha jembamba. Jembamba linapokea kadi fupi tu, zile zenye kimo cha karibu nusu ya kadi ya kawaida, nazo ni adimu na bei yake iko juu. Wauzaji wengi watakupa jembamba kwa sababu ndilo lililojaa dukani. Subiri kubwa.

Sasa tufike kwenye namba iliyobeba uamuzi wote. Tundu la kadi ya grafiki kwenye madabodi, lile refu liitwalo PCIe x16, limewekewa kikomo cha kutoa wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo inahitaji waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na pawa saplai za mashine za ofisi kwa kawaida hazina waya huo. Kwa hiyo kadi utakayochagua iwe ya wati 75 au pungufu, isiyo na mdomo wa waya mgongoni.

Mazungumzo mazuri dukani huenda hivi.

"Fundi, habari za kazi. Natafuta kadi ya gemu ya kuweka kwenye hii Dell."

"Nzuri, mdogo wangu. Kabla hatujafika kwenye kadi, fungua ubavu tusome saplai yake."

Fundi anayeanza hivyo mshike, usimwachie. Ubavu ukifunguka, ile stika kwenye pawa saplai inasema yote. OptiPlex 9020 ya kasha kubwa imeandikwa wati 290. Core i5-4590 imepangiwa wati 84, kadi 75, ongeza RAM, diski na feni, bado uko karibu na 200. Inatosha, na inatosha kwa raha. Fuata pia ule mkungu wa waya unaoingia kwenye madabodi. Kompyuta za kawaida zina plagi ya pini 24, 9020 ina ya pini nane, na EliteDesk 800 G1 ina ya pini sita. Maana yake huwezi kununua saplai yoyote ya dukani ukaichomeka. Utahitaji waya wa kugeuzia uliotengenezwa kwa mashine hiyo.

Hapa ndipo mafundi wengine wanapowaharibia watu. Wanachukua plagi ya umeme wa diski, ile ya SATA, wanaiunga kwenye waya wa pini sita wa kadi kubwa. Plagi ya SATA imekusudiwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Mdomo wa pini sita una haki ya kuvuta wati 75. Plastiki inaanza kulainika taratibu, na harufu ndiyo inayokuja kukwambia. Ukiona waya wa namna hiyo kwenye mashine unayouziwa, ung'olewe kwanza.

Ndani ya wati 75 uchaguzi si mpana, na si mbaya. GTX 750 Ti ya 2014 na GTX 1050 Ti ya 2016 zimejaa sokoni, lakini baada ya Oktoba 2025 Nvidia imeacha kuziandalia draiva mpya za gemu. Zimebakiziwa marekebisho ya usalama peke yake. Zitaendelea kucheza gemu za jana. GTX 1650 ya 2019, yenye GB 4, bado inahudumiwa, nayo ndiyo ningempa mdogo wangu. Iangalie vizuri tu, maana baadhi ya watengenezaji waliiongezea mdomo wa pini sita. RX 6400 ya AMD inavutia kwa wati zake 53, ila inatumia njia nne tu za PCIe, na kwenye madabodi ya zamani yenye PCIe 3.0 inapungua nguvu. Halafu haina sehemu ya kurekodi video, kwa hiyo anayetaka kurusha gemu zake mtandaoni aipite. Mwenye pesa zaidi achukue RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024. Inakula wati 70, haitaki waya, na siku utakapohamia mashine kubwa utaondoka nayo.

Kadi za mtumba zina wadanganyifu wake. Wapo wanaochukua chipu ya zamani kama GTX 550 Ti ya mwaka 2011, wakaibadilishia programu yake ya ndani, na kompyuta ikaisoma kuwa ni 1050 Ti. Kuna dalili inayoonekana kwa macho. Nvidia iliondoa kabisa ishara ya VGA kwenye familia ya GTX 10, kwa hiyo 1050 Ti yenye mdomo wa bluu wa VGA mgongoni ni ya kurudishwa hapo hapo. Kwa uhakika zaidi, nenda na flashi yenye programu ya bure ya GPU-Z. Ikigundua uongo inaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. RX 580 nayo ina mtego wake, kwani ipo iliyoandikwa 2048SP, ambayo chipu yake imepunguzwa kutoka vitengo 2304 hadi 2048 na kwa nguvu ni RX 570. Si kadi mbaya, ila usiilipie bei ya RX 580, na kwa vyovyote inahitaji saplai kubwa.

Kuhusu kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali, hofu imezidi kiasi. Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi mnamo 15 Septemba 2022 na kadi nyingi zikamwagwa sokoni. Chipu mara nyingi zimesalimika. Kinachochoka ni feni. Zungusha kila feni kwa kidole. Ikikwaruza au ikiyumba, hesabu bei ya feni mpya kabla hujataja bei yako.

Iko njia ya pili, ya anayejenga kipande kwa kipande na anayejua kadi ataipata mwakani. Ryzen 5 5600G ya AMD, iliyotoka Agosti 2021, ina kore sita na grafiki yake ndani, hivyo unaweza kucheza gemu nyepesi bila kadi yoyote. Lakini grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya kompyuta, na hapo watu wengi hukosea wanaponunua. RAM moja ya DDR4-3200 inapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Mbili zikiwekwa kwenye nafasi zake zinapitisha GB 51.2. Mtu aliyenunua kipande kimoja cha GB 16 badala ya viwili vya GB 8 amejinyima nusu ya njia, na gemu zake zitamwonyesha. Baada ya kufunga, ingia kwenye BIOS uwashe XMP, la sivyo RAM itatembea kwa mwendo wa chini kuliko ulioandikwa kwenye stika.

Njia hii imekuwa ngumu tangu mwishoni mwa 2025. Viwanda vya kumbukumbu vimegeukia vituo vya data vya akili mnemba, bei ya RAM ikapaa dunia nzima, na Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya kuuzia watu wa kawaida. Mashine kama 9020 inatumia DDR3, ambayo vituo hivyo havina haja nayo. Ndiyo maana leo naupendekeza mtumba wa ofisi kwa moyo mmoja kuliko ambavyo ningeupendekeza miaka mitatu iliyopita. Ukikuta mashine yenye GB 16 tayari, usibadilishane RAM na muuzaji hata akikushawishi.

Anayejenga upya asibanie pawa saplai. Sokoni kuna maboksi mepesi yaliyoandikwa wati 500 ambayo ukisoma stika yake unakuta volti 12 zina ampea 18. Zidisha mwenyewe: wati 216, na prosesa na kadi zinaishi kwenye hizo volti 12. Tafuta yenye alama ya 80 Plus. Tazama pia swichi nyekundu nyuma ya saplai. Baadhi ya zilizotoka Marekani zimewekwa 115, na ukizichomeka kwenye umeme wetu wa 230 bila kuisogeza swichi, utasikia kishindo na mashine hiyo hutaiwasha tena. Umeme wa mtaani kwako ukiyumba mara kwa mara, stabilaiza itangulie kununuliwa kabla ya kipaza sauti na kiti cha gemu.

Monita ya ofisi inatosha, na ile ndogo ina faida watu wasiyoihesabu. Yenye nukta 1600 kwa 900 inachorwa kwa nukta 1,440,000, wakati ya 1920 kwa 1080 inahitaji 2,073,600. Kadi dhaifu inapumua kwa karibu theluthi moja, na gemu iliyokuwa inakwama inatembea. Kama monita ina VGA pekee, weka pesa ya kigeuzi cha kutoka HDMI, kwa kuwa nyingi ya kadi hizi hazina mdomo huo.

Diski ya kuzunguka ibaki kuhifadhia, Windows na gemu unayoipenda zikae kwenye SSD. Haitaongeza fremu, ila itakuondolea kusubiri. Halafu kabla mashine haijaanza kazi, mwambie fundi avue feni ya prosesa, afute ile pesti kuukuu iliyokauka na kuwa kama chokaa, apake mpya. Mashine hizi zimeishi kwenye ofisi zenye kiyoyozi. Kwenye chumba cha Dar mwezi Februari, pesti iliyokauka inaifanya prosesa ijipunguzie mwendo yenyewe, na mwenye mashine anailaumu kadi bure.

Siku ya kununua usikubali kuonyeshwa picha ya Windows ikiwaka ukaambiwa mali safi. Omba gemu iwashwe, ikae nusu saa, huku programu ya kupima joto imefunguliwa pembeni. Kadi yenye kasoro hutoa michirizi, huzima kioo au hupandisha joto bila kutulia ndani ya muda huo. Muuzaji mwenye mali ya kweli atakuvutia kiti, na risiti ataiandika kwa jina kamili la kadi, ukubwa wa kumbukumbu yake na namba ya mfululizo iliyo kwenye stika, ili hata ukirudi baada ya wiki mbili asiseme hiyo uliyoshika siyo aliyokuuzia.