Kadi ya Mkopo Bila Ada ya Mwaka: Pointi za Tiketi ya Kuja Nyumbani, na Mtego wa Kutuma Pesa

Tuseme dadako yuko Dallas. Kila mwezi anakutumia pesa kwa simu, na kila ikikaribia Disemba anasema, "Mwaka huu sijui kama nitakuja, tiketi zimepanda." Kuna njia anayoweza kutumia kupunguza bei ya hiyo tiketi bila kuongeza matumizi yake. Lakini njia hiyo ina mtego, na unawanasa hasa watu wanaotuma pesa nyumbani. Soma, kisha umtumie naye asome.

Kadi hizi hufanya kazi vipi?

Kule Marekani, kadi nyingi za mkopo zenye zawadi za usafiri hutoza ada ya kila mwaka, mara nyingi dola 95 kwenda juu. Lakini ziko ambazo hazina ada hiyo. Kwa mfano, Bank of America Travel Rewards hutoa pointi 1.5 kwa kila dola unayotumia, na Capital One VentureOne hutoa maili 1.25. Ukilipia safari, pointi moja au maili moja ni sawa na senti moja ya dola.

Uzuri ni kwamba pointi hizi hazijafungwa na shirika moja la ndege. Dadako ananunua tiketi anayotaka kwa kadi, hata ya Kenya Airways ya moja kwa moja kutoka New York hadi Nairobi, halafu anatumia pointi kufuta sehemu ya deni la tiketi hiyo.

Wacha tupige hesabu

Akilipia chakula, mafuta ya gari na bili kwa kadi, jumla dola 1,000 kwa mwezi, kwa pointi 1.5 anapata pointi 1,500. Hizo ni dola 15. Kwa mwaka ni dola 180. Akipata pia zawadi ya mteja mpya ya pointi 25,000, ambayo ni dola 250, anafikisha dola 430. Tiketi nzima hailipiki, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Sasa geuza upande wa pili. Akibakisha deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, riba ya mwezi mmoja ni kama dola 20. Amepata 15, amelipa 20. Hapo benki ndiyo imepata zawadi.

Kwa hivyo ni lazima alipe bili YOTE, si kile kiwango cha chini kinachoandikwa kwenye bili. Sheria ya Marekani inataka bili itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa. Akimaliza deni lote kila mwezi kabla ya tarehe hiyo, hatozwi riba kwa vitu alivyonunua.

Mtego wenyewe: kutuma pesa kwa kadi ya mkopo

Mtu anaweza kufikiri, "Kama kila dola ina pointi, si nitume pesa za mama kwa kadi hii pia?" Hapana! Benki nyingi huhesabu kutuma pesa kuwa sawa na kutoa pesa taslimu kwa mkopo. Ikihesabiwa hivyo:

- Kuna ada, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5 ya pesa zilizotumwa.
- Riba inaanza siku hiyo hiyo. Hakuna kusubiri bili.
- Hakuna pointi.

Akituma dola 300 kwa ada ya asilimia 5, dola 15 zimeenda. Hizo ndizo pointi zake zote za mwezi mzima! Kutoa pesa kwa ATM akiwa hapa Kenya kwa kadi hiyo ni hivyo hivyo.

Pesa za nyumbani azitume kutoka kwa akaunti ya benki au kwa kadi ya debiti. Kadi ya mkopo ibaki ya kununua vitu.

Akifika Nairobi

Kadi nyingine zisizo na ada ya mwaka hutoza karibu asilimia 3 ukilipa nje ya Marekani. Chase Freedom Unlimited ni mojawapo. Zile mbili tulizotaja juu hazitozi ada hiyo. Halafu mashine ya supamaketi ikimuuliza alipe kwa shilingi au kwa dola, achague SHILINGI. Akichagua dola, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na mara nyingi inamuumiza mteja.

Kabla ya kuomba kadi

Masharti hubadilika, kwa hivyo aulize benki maswali matatu: Riba ni ngapi? Ada ya kulipa nje ya nchi ni ngapi? Kutuma pesa kunahesabiwa vipi? Na kama anajua hawezi kumaliza deni kila mwezi, aachane na pointi kwanza. Aweke hizo dola 15 kando kila mwezi, na tiketi itapungua vilevile.