Mgeni Abebaye Dele Lake



Nimeombwa na wahariri wa jarida letu niandike juu ya jambo ninalolipenda, mradi liwe na faida kwa familia zetu. Nimechagua kahawa, na hasa kahawa ya safarini. Walionifahamu tangu nilipokuwa nikifundisha lugha ya mama katika skuli za hapa Stockholm watatabasamu, maana wanajua kwamba mkoba wangu haukupata kukosa vitu vitatu: kamusi, msala na kopo la kahawa iliyotwangwa.

Hata hivyo sikusudii kuusifu uraibu wangu. Nataka kueleza kwa nini mtu aliyeihama nchi yake ana haja ya kuijua kahawa, na kwa nini nahofia kwamba sisi tulioko huku tumeanza kuipoteza, ingawa maduka yamejaa pakiti zake.

KINYWAJI CHA WAKESHAO

Mbuni asili yake ni misitu ya Ethiopia, lakini waliotufundisha kuinywa kahawa kama tuinywavyo ni watu wa Yemen. Katika karne ya 15 masufi wa huko waliitumia ili wapate kukesha katika dhikri usiku. Kutoka bandari ya Mukha ikasafirishwa hadi Hijazi, Misri na Istanbul, nayo lugha yetu ikapokea maneno mawili ya Kiarabu: buni, yaani punje, na kahawa, yaani kinywaji chenyewe. Sisi tuliofunga Ramadhani za Stockholm kati ya mwaka 2014 na 2017, jua likitua saa nne za usiku na alfajiri ikitukuta bado tukiosha vyombo vya futari, tuliwaelewa vizuri masufi wale.

Haikuchukua muda kinywaji hiki kikapata maadui. Mwaka 1511 mtawala wa Makka, Kha'ir Beg, aliwakusanya wanazuoni na matabibu, kahawa ikaharamishwa na magunia yake yakachomwa moto. Amri hiyo haikudumu, kwani wakubwa wa Cairo hawakuikubali. Karne mbili na nusu baadaye mambo kama hayo yakatokea katika nchi hii tunayoishi. Inasemekana mfalme Karl XII, aliyekaa miaka mingi katika dola la Waturuki baada ya kushindwa vita mwaka 1709, ndiye aliyerudi na ladha ya kahawa. Mwaka 1756 serikali ya Sweden ikaipiga marufuku, ikaifungulia, ikaifunga tena mara kadhaa, mpaka mwaka 1822 ilipoiacha moja kwa moja.

Hoja za Sweden zilikuwa za mali: kwamba kahawa ni anasa inayotoa fedha nje ya nchi. Hoja za Makka zilikuwa za sheria na afya. Lakini ukiyasoma ya Makka kwa makini utaona kwamba kilichomsumbua mtawala ni watu walioketi pamoja usiku wakiizunguka kahawa. Uchungu wa kinywaji haujapata kumtisha mtawala yeyote. Kinachotisha ni baraza.

JIKONI NA BARAZANI

Aliyekulia mwambao hana haja ya kuelezwa baraza la kahawa. Unguja, pale Jaw's Corner katika Mji Mkongwe, mpaka leo watu huketi juu ya vibaraza vya mawe, muuzaji akiwa na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili mtaa ujue kwamba kahawa imeiva. Mombasa na Lamu ni vivyo hivyo. Kahawa ni chungu, haitiwi sukari, hunywewa katika finjani isiyo na mkono, na utamu hutafutwa katika tende, kashata au haluwa. Siasa, bei ya karafuu, nani kaoa na nani kaacha, yote hupita hapo.

Baraza hilo la nje lilikuwa la wanaume. Mimi kahawa nilijifunza jikoni kwa bibi yangu, Ng'ambo. Yeye alikaanga buni kwenye chungu kikavu mpaka zikawa na rangi ya maganda ya ukwaju, akazitwanga kwenye kinu kidogo pamoja na iliki na tangawizi kavu, akapika juu ya seredani. Jirani yeyote aliyesikia kishindo cha mchi alijua maana yake, akaja bila ya kuitwa, ushungi begani. Hilo nalo lilikuwa baraza, ila halikuwa na jina.

Mila hii ya kumpokea mtu kwa kahawa imeenea kupita mipaka yetu. Oman mwenyeji humimina kwa mkono wa kushoto na kutoa finjani kwa wa kulia, na mgeni aliyetosheka huitikisa finjani ili asiongezwe. Mwaka 2015 UNESCO iliiandika kahawa ya Kiarabu, kwa ombi la Oman, Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu, katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kagera, kwa Wahaya, kahawa haikunywewa kabisa hapo zamani: punje zilichemshwa kwa majani ya mitishamba, zikaanikwa, zikatafunwa, na mgeni aliyeingia nyumbani alipewa hizo kabla ya jambo lingine lolote. Namna ni mbalimbali, maana ni moja: aliye na kahawa ndiye mwenyeji.

CHOMBO CHA MSAFIRI

Sasa tuje safarini. Msafiri kwa kawaida ni mtu wa kupewa: hupewa kiti, hupewa chumba, huonyeshwa njia. Na mhamiaji ni msafiri ambaye safari yake haikwisha. Mimi niligundua mapema kwamba nikiwa na kahawa yangu, na uwezo wa kuipika, hali hiyo hugeuka. Huwa mimi ndiye nisemaye, "Karibu."

Huenda wasomaji wengi hawajui kwamba mji huu wa Stockholm ulitutumia zana ya kazi hiyo zamani kabla hatujaja sisi. Mwaka 1892 fundi wa hapa aitwaye Frans Wilhelm Lindqvist alibuni stovu ya Primus. Ufundi wake ni huu: mafuta ya taa husukumwa kwa pampu, hupashwa moto yakawa mvuke kabla ya kuwaka, na kwa hiyo mwali wake ni wa buluu, mkali, wala hauna masizi kama wa utambi. Roald Amundsen aliichukua hadi Ncha ya Kusini mwaka 1911, na waliopanda Everest mwaka 1953 walikuwa nayo. Kwetu iliingia majikoni mwa mwambao, na sauti yake ya kuvuma ilikuwa ni saa ya asubuhi kwa watoto wengi wa rika langu.

Mimi leo nabeba ndugu yake mdogo, jiko la spiriti la Trangia. Kiwanda chake kiko Jämtland tangu mwaka 1925, na umbo hili lenye kinga ya upepo lilianza kuuzwa mwaka 1951. Halina pampu wala sehemu ya kuharibika. Ninalo kwa safari za gari na za msituni, maana sheria ya hapa inamruhusu kila mtu kupumzika katika ardhi isiyo uani mwa nyumba ya mtu wala shamba lililopandwa. Tahadhari tatu: wakati wa kiangazi uliza kwanza kama halmashauri ya wilaya imekataza moto, usiliwashe jiko hili ndani ya nyumba, hema au treni, na spiriti haipandi ndege, si mkononi wala katika sanduku.

Kwa safari ya ndege beba kahawa kavu tu katika kopo linalofunga vizuri. Kahawa iliyokwisha pikwa haipiti ukaguzi katika viwanja vingi, kwa sababu ya masharti ya vitu vya majimaji yaliyoanza mwaka 2006. Maji ya moto utayapata mbele ya safari. Dele la shaba liache nyumbani. Majiko mengi mapya ya umeme yanayotumia sumaku hayalitambui, na la zamani ambalo bati lake la ndani limekwisha halifai kupikia mpaka litiwe bati upya. Sufuria ndogo ya chuma yenye mdomo wa kumiminia yatosha.

Kahawa ipi? Wengi wetu hununua ile ya kuchujia kwa mashine, kisha tukalalamika kwamba haina ladha ya nyumbani. Tafuteni pakiti iliyoandikwa "kokkaffe". Hii husagwa chengachenga kwa ajili ya kuchemshwa sufuriani, kama wafanyavyo watu wa kaskazini mwa Sweden, na masimbi yake hutuama chini yenyewe. Kwa nusu lita ya maji natia vijiko vinne vya mezani vya kahawa, kipande cha tangawizi kilichopondwa na chembe tatu za iliki. Ikipanda naiteremsha, narudisha tena kwa moto mdogo, kisha naiacha itulie dakika tano. Na atakayepika Nairobi ajue kwamba huko juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, basi aipe kahawa muda zaidi kidogo.

KATIKA TRENI YA USIKU

Majira fulani ya baridi nilipanda treni ya usiku kutoka Stockholm kwenda Kiruna, kumzuru binti yangu aliyekuwa akifanya kazi huko. Nilikuwa na chupa ya chai iliyojaa kahawa ya tangawizi. Chumbani tulikuwa wawili, mimi na bibi wa Kisami aliyekuwa akirudi kwao. Tangu saa mbili za usiku hatukusemezana zaidi ya salamu, na wanaoijua nchi hii hawatashangaa.

Alfajiri nilipomaliza kuswali nilifungua chupa. Harufu ya tangawizi ikajaa chumba kizima. Nikammiminia bila ya kumuuliza, kama alivyokuwa akifanya bibi yangu. Akanywa, akanyamaza, kisha akafungua mkoba wake akatoa kipande cha jibini nyeupe, akakikata vipande vidogo, akavitumbukiza katika vikombe vyetu viwili. Ndiyo ada ya kwao: jibini hulainika ndani ya kahawa bila ya kuyeyuka, nawe huila kwa kijiko mwishoni. Tukazungumza mpaka Kiruna. Alinieleza kwamba alipokuwa skuli ya bweni alikatazwa kusema lugha yake, na sasa anajitahidi kuwafundisha wajukuu. Nikamweleza kwamba kazi yangu ya maisha ni hiyo hiyo.

Wasweden wana neno lao la kikao cha kahawa, "fika". Lilitokana na kugeuza silabi za "kaffi", neno la zamani la kahawa. Mswahili alisikiapo mara ya kwanza hudhani anaambiwa awasili. Mimi naona hajakosea sana. Asubuhi ile, baada ya miaka mingi ya kuishi Sweden, nilihisi nimefika.

DELE LA MTU MMOJA

Haya ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Mwaka jana nilimtembelea bibi mmoja wa kwetu, mjane, anayekaa ghorofa ya sita katika kitongoji kimojawapo cha mji huu. Watoto wake ni wema, humpigia simu kila siku, na friji yake imejaa. Juu ya kabati niliona dele zuri la Kiomani, vumbi tupu. Nikamuuliza kwa nini halitumii. Akajibu, "Mwanangu, dele la mtu mmoja ni msiba."

Jawabu hilo halijanitoka moyoni. Wako wengi kama yeye Tensta, Husby, Skärholmen, na katika miji mingine yote ambayo jarida hili hufika. Tumewapa wazee wetu nyumba zenye joto, dawa na televisheni. Tulichowanyima ni nafasi ya kuwa wenyeji. Kila anayebisha hodi kwao anakuja kuwahudumia. Hakuna anayekuja kuhudumiwa nao. Wahenga waliposema "mgeni njoo, mwenyeji apone," walijua nani mgonjwa na nini dawa yake.

Nao watoto wetu hawajapata kutuona tukikaribisha mtu ila siku ya Idi au ya arusi, ambapo pilau hupikwa kwa watu mia. Hivyo wameamini kwamba ukarimu ni jambo la gharama na jasho. Kahawa ingewafundisha kwamba ni nusu lita ya maji na tende saba.

Kwa hiyo nina ombi. Kila familia iisomayo makala haya imchague mzee mmoja aliye karibu. Mwende kwake Jumamosi moja kila mwezi, na msimpelekee chakula. Mpelekeeni buni tu, na kijana mmoja wa kutwanga. Mwacheni yeye apike, amimine, aamrishe nani akae wapi. Asiyeweza kusimama aelekeze kwa mdomo. Kijana ajifunze vipimo, na asikilize maneno yanayopita juu ya vikombe, kwa kuwa Kiswahili hicho sikuweza kumpa mwanafunzi yeyote darasani.

Bibi wa ghorofa ya sita tumekwisha kuanza kwake. Mwezi uliopita tulikuwa watu tisa, na jirani yake wa Kisweden alikuja kubisha kuuliza harufu ile ni ya nini. Aliambiwa avue viatu, aingie.

Wabillahi tawfiq.